Baba alipotoa salamu ya kushoto

Ijumaa iliyopita Baba alimaliza sala ya alasiri akiwa kitini. Akageuza shingo kulia, akatoa salamu, kisha akaigeuza kushoto, akatoa ya pili. Mama alikuwa nyuma ya pazia, akaangua kilio. Miezi saba tulimwona akitoa salamu moja tu, ya kulia, akijua amemaliza.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo. Kwamba mkono wa kushoto umelegea tuliliona. Lile jingine hatukuambiwa na mtu. Alikula wali wa upande wa kulia wa sahani, akalalamika hajashiba, na nusu nzima iko mbele yake. Alinyoa shavu moja. Mama akimwita kutoka kushoto, haitiki. Shangazi zangu wakasema Mama anamnyima chakula. Maneno hayo yananichoma hadi leo. Na mimi, naandika kwa aibu, nilimgombeza Baba nikidhani anafanya makusudi.

Macho yake yanaona. Ubongo ndio ulioacha kuushughulikia upande wa kushoto, na mwenyewe hajui kuna kitu kimepotea. Kwa hiyo "angalia vizuri, Baba" ilikuwa kazi bure.

Kosa letu kubwa lilikuwa huruma. Kila kitu tulikihamishia kulia. Mtaalamu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, alipokuja nyumbani akasema maji na kengele vibaki kulia kwa usalama wake, vingine virudi kushoto ili azoee kuutafuta upande huo. Redio ikahama. Nasi tukahama, tukawa tunamgusa mkono wa kushoto kwanza ndipo tunaongea.

Lakini kilichomgeuza Baba ni utepe mwekundu. Kwenye gazeti tuliulaza ukingo wa kushoto: hasomi mstari mpya mpaka auone. Msahafu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo utepe uleule wa kushoto ukawa mwisho wa mstari, haruhusiwi kushuka kabla ya kuufikia. Gazeti alilitupa, akisema waandishi wa siku hizi hawajui kuandika. Msahafu hakuweza kuulaumu. Sura zile anazijua kwa moyo, na alipoona aya inakatika katikati akanyamaza, akatafuta, akaukuta utepe. Siku hiyo ndiyo alikubali kwamba kuna upande haufikii.

Wengi mnaniuliza kuhusu miwani ya prizimu. Mwaka 1998 mtafiti Yves Rossetti na wenzake walieleza kwamba wagonjwa waliovaa miwani inayosogeza taswira nyuzi 10 kulia, wakawa wanaelekeza kidole kwenye shabaha, walianza kuufikia zaidi upande wa kushoto hata baada ya kuivua. Tafiti zilizofuata zimetofautiana. Sisi hatukuivaa. Ukishauriwa na mtaalamu, jaribu. Usiuze kiwanja kwa ajili yake.

Anza na ulichonacho. Tasbihi iwe mkono wa kushoto, ikiwa vidole vinasogea hata kidogo, na mkono huo ubaki upande wa kushoto wa mwili. Tafuta kitu mgonjwa wako anachokijua kwa moyo, wimbo wa kanisani, utenzi, majina ya wajukuu, ukiandike, umsomeshe kila siku na utepe wake. Msimcheke. Msimgombeze. Kila siku, jamani, hata siku mliyochoka.

Na barabarani asiende peke yake. Baba bado hugonga bega la kushoto kwenye mlango wa jikoni, na tukivuka barabara mimi hukaa kushoto kwake, nimemshika.