Alhamisi Saa Mbili Usiku: Nilivyoanza Ushauri Nasaha kwa Simu Nikiwa na Miaka 43

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja anayefanya kazi ya ulinzi Dubai. Katika makala yangu ya kufungua tawi la pili niliwashukuru mke wangu, vijana wa dukani na "mshauri wangu wa kila Alhamisi". Akaniuliza: "Kaka, huyo mshauri ni wa biashara au wa moyo? Kama ni wa moyo nielekeze, maana huku nakaribia kupasuka."

Ni wa moyo. Namjibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua mnaonisoma mna kiu ileile niliyonayo mimi, ya kutoka duka moja kwenda mawili, kujenga, kusomesha watoto pazuri. Huko hatufiki na jiwe kifuani. Mimi nilijaribu, nikaanguka.

Wanaonifahamu hapa Morogoro wanajua nilianza na misumari na mabati mwaka 2011. Mdogo wangu nilimlea mwenyewe baada ya baba kufariki. Nilimsomesha, nikamkabidhi ufunguo wa stoo na daftari la madeni. Mwaka 2022 nikagundua kuwa wateja niliokuwa nawadai walishalipa zamani, kwenye simu yake. Kiasi sitakiandika. Fedha inauma, lakini kilichonivunja ni kikao cha ukoo. Niliambiwa mimi ndiye mkubwa, nimeze yaishe. Aliyetamka neno hilo ni mama yangu mzazi. Nikameza.

Nilichokimeza kikawa kinaniamsha saa tisa usiku. Moyo unakwenda mbio, mkono wa kushoto unakufa ganzi, nakaa ukumbini nikisubiri adhana. Nilikwenda hospitali mara tatu nikiamini ni ugonjwa wa moyo, na mara zote kipimo kikatoka safi. Mara ya tatu daktari alivuta kiti, akanisomea maswali tisa kutoka kwenye karatasi. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Umekosa usingizi? Umejiona umewaangusha watu wako? Kila jibu lina alama, 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Nilipata 16. Akasema hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na si ya kuachwa ipite yenyewe. Akataja ushauri nasaha. Masikioni mwangu likaingia neno moja tu, Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma.

Mnajua neno hilo tunavyolitumia mtaani. Kenya wana Mathari, Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Hospitali za kutibu watu tumezigeuza matusi, na siku ukihitaji msaada tusi lile linakurudia mwenyewe.

Nikafanya kosa. Badala ya kumfuata mtaalamu nikamweleza rafiki yangu wa miaka ishirini, kijiweni, kwa sauti ya chini. Kabla ya wiki kwisha msambazaji mmoja wa saruji akanipigia kuuliza kama bado naweza kukopeshwa, maana amesikia "kichwa hakijatulia". Naandika haya leo na bado inaniuma. Ndiyo sababu nilipoamua kutafuta mshauri sikutaka mtu wa Morogoro, wala ofisi ambayo gari langu lingeonekana limeegeshwa nje. Nilitaka wa mbali, kwa simu.

Wa kwanza nilimpata kwenye programu ya nje, unalipia kwa kadi ya benki kila wiki. Alikuwa mama mwungwana, msikivu, wala simlaumu. Lakini tulizungumza Kiingereza. Kiingereza changu kinatosha kuagiza bidhaa na kusoma mkataba. Niliweza kumwambia nina hasira, nina huzuni. Nilipofika kwenye kinyongo nikakwama. Kinyongo si hasira. Hasira huwaka ikazimika, kinyongo hukaa nawe mezani, kikala sahani moja na wewe na huyo uliyekiwekea. Na nitamwelezaje mtu ambaye hajawahi kukaa kikao cha ukoo kwa nini mwanamume wa miaka 43 ananyamaza akiambiwa nyamaza? Nusu ya kila kikao niliitumia kueleza ukoo ni nini. Baada ya vikao vinne nikaacha, nikajiona nimeshindwa hata kutibiwa.

Miezi iliyofuata naipita. Hakuna cha kusimulia zaidi ya kukosa usingizi.

Huyu wa sasa yuko Dar es Salaam. Nilielekezwa na yule yule daktari wa maswali tisa. Alhamisi ya kwanza nilifunga duka, nikaendesha gari hadi uwanja mtupu nyuma ya stoo, nikaegemeza simu kwenye usukani. Picha ikafunguka, nikaona binti. Sidhani alikuwa amefika miaka thelathini na miwili. Akasema, "Shikamoo kaka." Nikaitika marahaba, na papo hapo nikaona mlango umefungwa. Utamweleza nini mtu aliyekupa shikamoo? Nilijibu maswali yake kwa ufupi kama niko ofisi ya kodi. Akaliona. Akasema, "Naona salamu yangu imekuweka kwenye kiti cha mkubwa. Humu ndani ukitaka unaweza kushuka." Nililia. Sikuwa nimelia tangu msiba wa baba.

Nieleze alivyofanya siku hiyo, maana ndivyo mtakavyomtambua mshauri wa kweli. Kabla ya lolote aliuliza niko wapi hasa, kama kuna mtu anayeweza kunisikia, na akaomba namba ya ndugu mmoja wa kupigiwa ikitokea dharura. Mtu akiwa kwenye simu huwezi kumshika mkono, lazima ujue utamtumia nani. Akanisomea masharti ya usiri: ninayosema hayatoki, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Akanieleza kikao ni dakika 50 na mtandao ukikatika nani anampigia nani. Nilimwita Dokta, akanisahihisha. Yeye haandiki dawa, na ikibidi dawa atanielekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mtu akikuahidi tiba ndani ya siku saba, akakosa kukuuliza hata uko wapi, huyo mkimbie. Muulize alisomea wapi na nani anamsimamia. Walio Kenya mna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 na bodi yake, kwa hiyo ombeni kuona usajili. Na tafuteni anayezungumza lugha yenu.

Baadaye akanipa kazi ya daftari. Safu ya kwanza tukio, ya pili wazo lililonijia, ya tatu lilivyonifanya nijisikie, ya nne ushahidi wa wazo hilo, unaoliunga mkono na unaolipinga. Asili yake ni kazi ya daktari wa Marekani, Aaron Beck, tangu miaka ya 1960. Mimi niliielewa haraka kwa sababu ni hesabu. Wazo "mimi ni mjinga, kila mtu ananicheka" nililiandika kama deni, kisha nikatafuta risiti zake. Nyingi hazikuwepo. Wazo "mama alinionea" risiti zake zilikuwepo, na mshauri hakujaribu kunifutia. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini.

Mwezi wa tano wa vikao nilikwenda kwa mama, nikamwambia kwa heshima kuwa siku ile aliniumiza. Alikaa kimya muda mrefu, akainuka, akaniletea chakula. Mdogo wangu hajarudisha kitu, nami simsalimii, na sitawadanganya kuwa tumepatana. Ila nalala. Daktari aliponipima tena kwa maswali yaleyale nilipata 6. Tawi la pili nimelifungua Machi, na najua mwaka juzi nisingeweza hata kusaini pango.

Kuna wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu, Mwafrika ana wazee wake. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amefundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasikiliza kwa Kishona, lugha ambayo wana neno lao kabisa la kuwaza kupita kiasi. Hao si wazee wetu? Tatizo letu si wazee. Tatizo ni kwamba tulimwendea mzee ili atuamulie, hatukuwahi kumwendea atusikilize. Wanaume wenzangu, tunafungua hesabu za kila kitu isipokuwa hii. Tunampelekea fundi gari likitoa mlio mdogo, na mlio wetu wenyewe tunaufunika kwa redio. Acheni! Shilingi 40,000 ninayolipa kwa kikao ni bei ya mifuko michache tu ya saruji. Umeshapoteza zaidi ya hapo kwa usiku mmoja usiolala, ukaamka ukampigia kelele mteja.

Sasa wewe wa Dubai. Umesema mko sita chumba kimoja. Usifanyie kikao kitandani, hutasema kitu. Toka, tembea na visikilizi, hata sauti peke yake bila picha inatosha. Simu za WhatsApp huko hazipiti, binamu yangu alihangaika nazo miaka miwili, kwa hiyo kabla ya kulipa kubaliana na mshauri mtumie Zoom. Mshauri akiwa Tanzania yuko nyuma yako saa moja, basi saa mbili usiku yake ni saa tatu yako, hakikisha hauko zamu. Tafuta atakayekusikiliza kwa Kiswahili, nimekwisha kusema na narudia. Na neno lile la kupasuka: kama ulimaanisha kujitoa uhai, usisubiri miadi ya mtu. Mwamshe mwenzako mmoja leo hii, mwende hospitali pamoja, na uniandikie ukiwa huko. Kama ulimaanisha uchovu, nitumie siku zako za mapumziko, nimuulize mshauri wangu nani ana nafasi.