Uliza Ujibiwe: Urusi, gesi na koki ya Ulaya

Swali: Habari za kazi mhariri. Niko Morogoro. Kila vita ya Ukraine ikitajwa nasikia "Urusi inatumia gesi kama silaha". Bunduki naelewa, vikwazo naelewa, ila gesi inakuwaje silaha wakati muuzaji naye anataka hela? Si anajikomoa mwenyewe?

Jibu: Asante ndugu yangu, na hilo la kujikomoa nitalifikia, maana ndo kiini cha mambo yote. Tuanze na bomba lenyewe. Mafuta yanapakiwa melini, leo yanaenda India kesho China, lakini gesi asilia kwa miaka mingi ilikuwa inasafiri zaidi kwa bomba, na bomba likishafukiwa halihami, kwa hiyo mnunuzi kafungwa kwa muuzaji na muuzaji kafungwa kwa mnunuzi. Urusi ilianza kulaza mabomba kuelekea Ulaya tangu enzi za Usovieti, tena Ujerumani Magharibi ndo iliyokuwa inatoa mabomba ya chuma inalipwa kwa gesi, mkataba wa 1970 huo, na mpaka kufika 2021 zaidi ya asilimia 40 ya gesi ambayo Umoja wa Ulaya unaagiza nje ilikuwa inatoka Urusi. Muuzaji wa gesi ya bomba ni mmoja tu, Gazprom, na serikali ya Urusi ndo mwenye hisa nyingi.

Wengi wakisikia silaha wanawaza koki kufungwa, na kweli ilifungwa. Ukraine ilikuwa inalipa dola 50 kwa kila mita za ujazo elfu moja, mwaka mmoja baada ya kupata rais anayeegemea magharibi Gazprom ikataka dola 230, na Januari 2006 ikakata gesi siku chache. Januari 2009 ikawa mbaya zaidi, karibu wiki mbili gesi yote inayopita Ukraine kwenda Ulaya ilisimama, na Bulgaria ambayo haikuwamo kabisa kwenye ule ugomvi ilikuwa inategemea njia hiyo hiyo moja, shule zikafungwa katikati ya baridi kali, familia zikalala bila joto.

Lakini mimi naona kufunga koki ndo matumizi dhaifu kuliko yote. Kinachomaliza nchi ni punguzo. Aprili 2010 Rais Yanukovych wa Ukraine na Medvedev wa Urusi walisaini makubaliano pale Kharkiv: Ukraine inapunguziwa bei ya gesi kwa asilimia 30, punguzo lisizidi dola 100 kwa kila mita za ujazo elfu moja, na Urusi inaongezewa miaka 25 ya kukaa na manowari zake Sevastopol, bandari ya Ukraine kule rasi ya Crimea, yaani badala ya kuondoka 2017 wakae mpaka 2042. Siku bunge la Kyiv linapitisha mkataba huo wabunge walirushiana mayai na mabomu ya moshi, spika akawa anaendesha kikao huku walinzi wamemkinga na miavuli. Walikuwa wanajua wanachouza. Miaka minne baadaye Urusi ikaichukua Crimea yote pamoja na bandari yenyewe, halafu ikasema sasa hakuna tena cha kukodi kwa hiyo punguzo nalo halipo. Na kumbuka Desemba 2013, baada ya Yanukovych kukataa kusaini mkataba na Umoja wa Ulaya, bei ilishushwa mpaka dola 268.5, waandamanaji wakamng'oa, Aprili 2014 bei ikapandishwa mpaka dola 485. Gesi ni ile ile, bomba ni lile lile, kilichobadilika ni nani anakaa ikulu.

Sasa tuje kwenye swali lako la kujikomoa. 2022 baada ya kuivamia Ukraine, Urusi ilitaka walipwe kwa ruble, Poland na Bulgaria wakagoma, wakakatiwa Aprili. Kisha ikaja zamu ya Nord Stream, lile bomba la chini ya bahari ya Baltiki kwenda Ujerumani, ikapunguzwa mpaka asilimia 40, kisha asilimia 20, kisingizio mashine iko matengenezo Canada, mwisho wa Agosti ikazimwa kabisa, na Septemba mabomba yenyewe yakalipuliwa chini ya bahari. Bei Ulaya ilipita yuro 300 kwa megawati saa moja. Ulaya ikaumia kweli, viwanda vikapunguza kazi. Lakini majira hayo hayo ya joto, watu wa Finland walikuwa wanaona moto mkubwa ng'ambo ya mpaka, kwenye kituo cha Portovaya pale Nord Stream inapoanzia, gesi inachomwa tu hewani kwa sababu haina pa kwenda. Visima vya Siberia magharibi vimeunganishwa na Ulaya, na bomba la kwenda China lililofunguliwa 2019 linavuta kwenye visima vingine kabisa, huwezi kugeuza mshale tu. 2023 Gazprom ikatangaza hasara ya ruble bilioni 629, hasara yake ya kwanza ya mwaka tangu 1999. Kwa hiyo ndio kaka, walijikomoa. Ile koki ilikuwa inatisha wakati haijafungwa.

Na kuna walioumia ambao hawatajwi kabisa, hili linaniuma. Ulaya ilipoanza kununua gesi ya meli kwa bei yoyote, Pakistan ilitangaza tenda Julai 2022, hakujitokeza muuzaji hata mmoja, umeme ukawa wa mgao kwenye joto lile. Watu wa Karachi hawakuwa na kesi na Putin.

Swali: Nchi ndogo inaweza kweli kujinasua kwa jirani mkubwa kama huyo? Ni mimi mwanafunzi, Dodoma.

Jibu: Lithuania waliweza mdogo wangu. Watu hawafiki milioni tatu, gesi yote ilikuwa ya Gazprom na walikuwa wanauziwa ghali kuliko karibu wote Ulaya. Wakakodi meli ya Wanorwe, wakaiita Independence, inapokea gesi iliyopoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, ikishuka hapo ujazo unapungua kama mara 600 ndo maana inabebeka melini, halafu meli inaipasha moto inarudi kuwa gesi inaingia kwenye bomba. Meli ilitia nanga bandari ya Klaipėda Oktoba 2014, ila utamu ni kwamba Gazprom ilikubali kushusha bei mwezi Mei mwaka huo huo, meli haijafika bado! Aprili 2022 Lithuania ikatangaza haichukui tena gesi ya Urusi.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi nafanya kazi Dubai. Mbona 2017 Qatar ilitengwa na majirani na huku taa hazikuzimika?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kuna bomba linaitwa Dolphin, linatoka Qatar linapita chini ya bahari mpaka Abu Dhabi, na gesi yake inafika mpaka Oman. Juni 2017 Saudia, Emirati, Bahrain na Misri walifunga mipaka na anga kwa Qatar, na Qatar ingeweza kabisa kuzima Dolphin, sehemu kubwa ya umeme wenu ingeyumba. Hawakuzima hata siku moja mpaka ugomvi ukaisha Januari 2021. Qatar inauzia Japan, Korea, India, mikataba ya miaka 20 na zaidi, na mnunuzi wa Tokyo akiona umemkatia jirani atajiuliza lini itafika zamu yake. Mimi naihesabu kuwa siasa ya nje ya gesi iliyochezwa vizuri kuliko zote.

Swali: Salamu kutoka Mombasa. Hili bomba la gesi la kutoka Dar mpaka kwetu si ndiyo Tanzania itatushika shingo?

Jibu: Karibu dada. Hati ya makubaliano ilisainiwa Mei 2021 Rais Samia alipokuja Nairobi, lakini mpaka naandika hapa hakuna bomba lililolazwa. Na tusichanganye, gesi ya mtungi unayopikia ni kitu kingine, hiyo inaletwa na meli kutoka nje, ya bomba ni gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara ambayo huku kwetu nyingi inazalisha umeme. Wasiwasi wako una msingi, mimi Mtanzania nakubali. Kwa hiyo wakileta mkataba, wabunge wenu waulize bei itapangwa kwa kanuni gani na je iko wazi, maana bei ya kupatana ikulu kwa ikulu ndo ilikuwa ugonjwa wa Ukraine. Waulize mgogoro ukitokea nani anaamua. Na mitambo yenu ya umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria msiiache hata kama gesi yetu itakuwa rahisi, hasa ikiwa rahisi.