Kwa wanaoanza uigizaji: miaka ya mwanzo ya Judi Dench

Kila mwaka napokea vijana wapya katika mazoezi ya maigizo, na karibu wote huniuliza ni lini wataonekana kwenye filamu. Huwajibu kwa kuwasimulia habari za Judi Dench, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa York mwaka 1934. Watazamaji wengi wa filamu ulimwenguni walimfahamu mwaka 1995, alipoanza kuigiza kama M, mkuu wa James Bond, akiwa na umri wa miaka 60 na jukwaani akiwa amekaa karibu miaka 40.

Uigizaji haukuwa kusudio lake la kwanza. Alisomea sanaa akitaka kubuni mandhari ya jukwaa, mpaka alipotazama King Lear, tamthilia ya Shakespeare, mjini Stratford na kukuta mandhari ambayo yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, asingeweza kuiwaza. Ndipo akafuata nyayo za kaka yake, Jeffery, katika chuo cha maigizo cha Central, London.

Sehemu ninayowaomba muisikilize kwa makini ni ya mwaka 1957. Akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, kundi la Old Vic lilimpa nafasi ya Ophelia katika Hamlet. Wahakiki hawakumhurumia, na kundi lilipofunga safari ya kwenda Marekani, Ophelia akakabidhiwa mwigizaji mwingine. Dench hakujitoa, alisafiri na wenzake, akacheza nafasi nyingine, mojawapo ikiwa Maria katika Twelfth Night. Mwaka 1960, kundi lilelile lilimpa nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet, chini ya uongozaji wa Franco Zeffirelli.

Mimi nilipokuwa na umri wenu nilinyang'anywa nafasi wiki mbili kabla ya onyesho, nikasusa, nikakaa nyumbani mwezi mzima. Kilichoniuma baadaye ni kwamba katika mwezi huo ningeweza kusimama pembeni ya jukwaa kila usiku, nikawasikiliza wakubwa wangu wakiyatamka maneno yaleyale mbele ya watazamaji tofauti, nikaona mahali wanapovuta pumzi na mahali wanaponyamaza. Kwa hiyo, mkiondolewa katika nafasi, ombeni nyingine siku hiyohiyo, hata kama ni ya kubeba sinia na kutoka.

Msikatae ziara pia, hata zile za malazi mabovu. Mwaka 1963 Dench alizunguka Nigeria, Ghana na Sierra Leone na kundi la Nottingham Playhouse, akicheza Lady Macbeth mbele ya watazamaji ambao hawakuwa na sababu ya kumstahi kwa jina lake.

Kuhusu sura sitasema mengi. Amewahi kusimulia kwamba mwongozaji mmoja wa filamu alimwambia uso wake ulikuwa na kila aina ya kasoro. Akarudi jukwaani, na mwaka 1987, akiwa na miaka 52, alicheza Cleopatra katika National Theatre, London.

Wala msihesabu kurasa za nafasi mnayopewa. Tuzo ya Oscar aliyoipata mwaka 1999 ilitokana na nafasi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza katika Shakespeare in Love, ambamo anaonekana kwa takriban dakika 8 tu.

Liko jambo moja lake ambalo siwashauri kuliiga: amesema kwamba hupenda kukubali kazi bila kuisoma tamthilia kwanza. Mwenye uzoefu wake anaweza kuthubutu. Nyinyi someni mpaka ukurasa wa mwisho, na mkataba msomeni mara mbili.

Mwaka 2012 alieleza hadharani kwamba macho yake yanadhoofika, na kwamba husomewa maandishi ya kazi na watu wengine. Mwaka 2015, akikaribia miaka 81, alicheza Paulina katika The Winter's Tale kwenye ukumbi wa Garrick, London. Katika mazoezi yetu ya Jumatatu, basi, kila mmoja atafunga karatasi yake na kusomewa maneno yake na mwenzake, sentensi moja moja, mpaka ayashike kwa masikio.