Kabla hujamhamishia mzazi kwenye vijumba vya wazee, kagua njia kwanza

Miaka mitatu iliyopita tulimtoa bi mkubwa kwenye nyumba yake ya ghorofa tukampeleka kwenye vile vijumba vya wazee vinavyozunguka bustani moja, na niseme ukweli, mwezi wa kwanza nilijuta. Sio kwamba kijumba kilikuwa kibaya, hapana, kisafi, kidogo, kukifagia ni dakika tano. Ila mimi nilikagua jiko, nikakagua chumba, njia sikuikagua. Kumbe ni ya kokoto, na mama anatembea na woka, kile kifremu cha kushikilia ukitembea, sasa woka na kokoto wapi na wapi! Ikawa hatoki, anachungulia tu dirishani wenzake wakipiga stori.

Na huu mtindo wa vijumba kuzunguka bustani, maana yake yote iko kwenye hiyo njia. Ukiangalia mradi wa Third Street Cottages kule Langley, jimbo la Washington, Marekani, wa mwaka 1998, kuna nyumba 8 zinatazamana na bustani ya pamoja, magari yamewekwa pembeni makusudi ili ukishuka upite mbele ya baraza za wenzako ndo ufike kwako. Huko kupita ndo salamu, ndo kujua fulani leo hajafungua pazia. Lakini ule haukujengwa kwa ajili ya wazee peke yao, kwa hiyo usiige kila kitu, paking ya mbali kwa kijana ni mazoezi, kwa mwenye goti bovu na mifuko mikononi ni adhabu. Uliza kama gari linaruhusiwa kufika mlangoni kushusha mzigo, na ambulensi je?

Mlangoni, kizingiti kisiwepo kabisa. Wakikwambia kuna rampu, yani kile kimteremko cha kupandia badala ya ngazi, ipime, kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yani mwinuko wa sentimita 15 tu unataka rampu ya mita 1.8, kwa hiyo ukiona kirampu kifupi kimesimama kama ngazi jua kimewekwa kwa ajili ya picha. Bafuni vuta vile vishikio kwa nguvu zako zote, usione aibu, bora king'oke mkononi mwako kuliko mwa mama.

Dirisha la jiko litazame bustani, la kulala litazame upande mwingine. Mama alisema anataka aonekane akitaka mwenyewe, nikaona kamaliza kila kitu.

Hela za kila mwezi za bustani na taa uliza mapema, na paa likivuja nani analipa. Halafu soma mkataba kama mlezi anaruhusiwa kulala humo, maana hapa si nyumba ya wauguzi, jirani atakuletea chai ukiumwa lakini kukuogesha hatakuogesha, na sisi hilo tulilijua mama alipoanguka tukawa tunamtafutia mlezi usiku usiku huku mkataba unasema wageni mwisho siku saba.

Ile njia tuliisumbukia miezi minne, barua juu ya barua, mpaka wakatandika pevingi. Siku hizi nikimpigia saa kumi jioni hapokei, yuko barazani kwa jirani wa nyumba ya tatu, simu kaiacha kitandani, na kwa hilo bado tunagombana.