Mkojo Ukishatoka, Usizisahau Figo

Mbuzi wangu maksai alianza kujikamua asubuhi, mgongo ameupinda, mkia unachezacheza. Nikadhani amefunga choo, nikamnywesha mafuta. Siku nzima ikapotea hivyo. Jioni nilipochuchumaa na tochi chini ya tumbo lake, nikaona nywele za pale mkojo unapotokea zimekauka na kushika chembechembe kama mchanga. Choo hakikuwa na neno. Kilichoziba ni njia ya mkojo.

Daktari wa mifugo alimkalisha kitako, akautoa uume, akakata kile kijimkia chembamba cha nchani, mahali vijiwe hupenda kunasa. Mkojo ukaruka. Nikashukuru, nikajua amepona.

Wafugaji wenzangu, msiishie hapo. Mkojo ukizuiwa, shinikizo hurudi nyuma mpaka kwenye figo. Kibofu kisipopasuka, figo bado zinaweza kuwa zimeumia, na kwa macho hutajua: kuzubaa, kusaga meno na kukataa majani ni dalili za mambo mengi.

Omba damu ipimwe kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, siku ileile, kisha ipimwe tena baada ya siku mbili tatu. Kipimo cha kwanza kisikukatishe tamaa, maana mbuzi aliyezibwa mkojo mara nyingi kitakuwa juu hata kama figo ni nzima. Cha kutazama ni kama kinashuka. Yurea, taka nyingine inayopimwa kwenye damu, usiitegemee peke yake. Mbuzi huirudisha kwenye tumbo la kwanza na kuitumia, kwa hiyo inaweza kuonekana ndogo kuliko tatizo lenyewe.

Siku za mwanzo baada ya kuzibuliwa atakojoa sana, na si ajabu. Ila mkojo ukibaki mwepesi kama maji huku kreatinini imegoma kushuka, figo zimeguswa. Palipo na ultrasaundi, itaonyesha kama figo zimetanuka na kama kibofu bado kina vijiwe.

Na tafadhali, msichome sindano ya maumivu kwa kukisia. Baadhi ya dawa hizo huziumiza zaidi figo za mnyama aliyepungukiwa maji.

Wangu kreatinini ilikuwa bado juu siku ya tatu, akaendelea na dripu. Siku ya tano ikashuka. Pumba, ambazo huchangia vijiwe, nilikuwa nimeshaziondoa, anakula nyasi tu. Usiku ule nilisimama mlangoni pa banda, nikamsikia anacheua.