Hunenepi? Presha haiangalii hilo, yalinikuta

Mkuu umeuliza kama vyakula vya viwandani, yaani vile vilivyosindikwa kupita kiasi kama soseji, soda na tambi za pakiti, vina shida kwa mtu asiyenenepa, ngoja nikujibu maana mi mwenyewe nilikuwa mwembamba tu.

Karibu miaka miwili nilikuwa napiga shifti za usiku na msosi wangu ulikuwa tambi za pakiti zile za kumwagia maji ya moto, soseji, na soda ya kushushia, basi. Kichwa kikaanza kuuma kila asubuhi, nikajua ni usingizi. Kwenda kupima, presha iko juu! Daktari akauliza usiku unakula nini, nikamtajia, akasema kesho njoo na hiyo pakiti. Tukaisoma pamoja, sodiamu gramu 1.8, akaniambia zidisha mara 2.5 ndo upate chumvi yenyewe, inakuja gramu 4.5, na WHO, shirika la afya duniani, wanataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima. Mi nilikuwa nakula pakiti mbili kila usiku, na siku zote najisifu siongezi chumvi mezani. Iliniuma sana.

Na hata unene wenyewe usijiamini. Kuna utafiti wa Kevin Hall na wenzake Marekani, 2019, waliwaweka watu 20 ndani mwezi mzima, wiki mbili vyakula vya viwandani, wiki mbili vya kawaida, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vimelinganishwa na kila mtu ale mpaka aridhike. Kwenye vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja, tena walikula haraka zaidi. Nikajiona mimi kabisa, maana vitu laini hivi hutafuni, unameza tu, tumbo linakuja kushtuka limeshiba pakiti ishaisha zamani.

Soseji ndo nimeacha kabisa, shirika la saratani la WHO lilishasema 2015 kwamba nyama za kusindikwa zinasababisha saratani ya utumbo mpana, gramu 50 kila siku hatari inapanda kwa asilimia 18. Ila usiogope kila kitu chenye pakiti, maziwa ya kawaida au maharage ya kopo siyo kundi hilo la kusindikwa kupita kiasi.

Presha yangu ilichukua miezi mitatu kushuka, kwa dawa pamoja na kubeba chakula cha nyumbani. Kapime yako wiki hii mkuu, usisubiri kichwa kiume kama mimi.