Kuhusu lile paja

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaweka simu chini nikaenda kuchambua maharage. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli mwaka jana nilianguka kwenye kreta ya Empakaai nikaficha, na kama nina akili timamu kupanga kurudi kule Septemba hii na "valvu yangu ya chuma". Halafu ukamalizia, "Ukinifia porini, watu nitawaambia nini?"

Kwanza visahani vya hiyo valvu ya moyo wangu si vya chuma, ni vya kaboni. Na ndiyo, nilianguka. Mjomba wako hakukudanganya.

Tulikuwa tunashuka kwenda ziwani, kwenye ule mteremko wa msituni. Usiku ilikuwa imenyesha. Askari wa hifadhi ametangulia na bunduki yake kwa sababu ya nyati, mimi wa pili, mjomba wako nyuma. Mguu ukateleza kwenye mzizi, paja likagonga jiwe. Damu haikutoka hata tone. Nikainuka, nikacheka, nikajifunga kanga juu ya suruali nikasema nasikia baridi. Baridi ilikuwepo kweli, maana ukingo wa ile kreta una sehemu zinazopita mita 3,000, kwa hiyo nani angebisha?

Usiku hemani nikamulika kwa simu. Alama iliyokuwa kama sarafu mchana sasa ilikuwa pana kama sahani ya chai, nyeusi katikati, na paja limekaza kama ngoma. Porini kukiwa kimya valvu inasikika vizuri. Mchana ule kijana wa punda alikuwa ameniuliza saa yangu ni ya aina gani mbona inalia sana, nikakunja mkono wa sweta nikamwonyesha kwamba sijavaa saa. Tulicheka. Usiku ule nililala naisikiliza inavyogonga, na sikucheka. Saa kumi na moja alfajiri nikamwamsha mjomba wako, nikafungua kanga. Hakunigombeza. Hilo ndilo liliniuma.

Gari lilitufuata ukingoni, mchana tukawa Karatu. Kipimo cha INR, kile cha kuonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kikasoma 5.1; namba ikipanda, damu ni nyepesi. Yangu inatakiwa ikae kati ya 2.5 na 3.5, maana damu ikiwa nzito mno inaganda kwenye valvu, ikiwa nyepesi mno inavuja ndani kwa ndani, kama pajani pale.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wewe na mjomba wako mnapokosea. Kutembea hakukuipandisha INR. Wiki moja kabla ya safari tumbo lilinisumbua, nikaingia duka la dawa nikanunua Flagyl. Muuzaji hakuniuliza natumia nini, nami sikusema. Dawa ile inalizuia ini kuivunja warfarini, dawa yangu ya kuzuia damu isigande kwenye valvu, kwa hiyo kidonge kilekile cha kila jioni kinakaa mwilini na kufanya kazi kupita kiasi. Miaka zaidi ya kumi nameza warfarini na hilo nilikuwa nimeshaambiwa. Ningeweza kuteleza kwenye ngazi za kanisani wiki ileile na ingekuwa hivyohivyo, ila Karatu ingekuwa karibu.

Swali la pili, kwa nini narudi. Unajua nilivyougua. Mafindofindo ya utotoni, kisha viungo kuvimba, kisha moyo. Darasa la sita wenzangu walipelekwa kuona Bonde la Ufa, mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa nahema nikivuka uwanja tu. Halafu nikaja kulifundisha miaka thelathini na moja, kwa chaki, mistari miwili ya kushuka na mmoja wa chini. Wanafunzi wangu wengine wanaendesha magari ya watalii huko sasa. Mwaka jana nilifika ukingoni nikaona ukungu.

Daktari ameruhusu kutembea. Aliyokataa ni mzigo mgongoni na kupanda Ol Doinyo Lengai, na mlima ule hata angeruhusu nisingeupanda. Watu wanaanza saa sita usiku kwenye majivu, wa nini? Kushuka ziwani Empakaai nimekufuta mwenyewe. Tutatoka Nainokanoka, tulale Bulati, kisha ukingoni, kisha tushuke kwa Naiyobi mpaka Ngare Sero. Siku nne. Siku ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ule urefu, kwa sababu ya joto la kule chini Natron, kwa hiyo tutaondoka gizani.

Fimbo mbili nimenunua. Warfarini nusu itakaa kwangu, nusu kwa mjomba wako, punda wakikimbia na mizigo nisibaki mikono mitupu. Magoti yakiuma ni panado tu. Diklofenaki nimemwambia mpishi asinipe hata nikimlilia. INR nitapima siku tatu kabla, na ikisoma juu ya 3.5 safari imeahirishwa, hela ya punda ipotee. Njiani mjomba wako ataniimbisha. Nikishindwa kumaliza ubeti mmoja wa tenzi bila kukata pumzi, tunakaa chini, na yeye ndiye mwenye amri ya kugeuza. Nimempa mbele ya shangazi yako ili nisije nikaikana.

Na kila jioni nitamwonyesha mikono na miguu yangu, kanga au bila kanga. Sikuipenda hiyo, lakini nimeistahili.

Mtandao utatupotea njiani. Mwenye punda ana simu ya setilaiti, namba yako nimeiandika kwenye kadi pamoja na jina la valvu na kiwango cha dawa. Kama Dodoma watakupa ruhusa, njoo unipokee Ngare Sero. Unashukia Mto wa Mbu, kuna magari yanayopita Selela na Engaruka. Funga kichwa, njia ile ni vumbi tupu.

Mama yako